Mstari wa Mashine na Mstari wa Betri

Jumapili, 28 Februari 1988

Frasia amefika. Nilikuwa napalilia pamba, nikasikia lori la wafanyabiashara wa mnadani linasimama njia panda, nikainua kichwa tu kwa mazoea. Kumbe ni yeye, sanduku kichwani, begani mfuko umejaa waya, matope mpaka magotini. Jembe nilitupa huko. Nilimshika mashavu kwa mikono michafu mpaka akasema, "Mama, unanipaka udongo." Miaka miwili sijamwona. Amekonda. Anaongea taratibu kama padre.

Atakaa mpaka mwisho wa Mei. Masika yote!

Daftari hili amenipa yeye. Anasema, "Mama, uliishia darasa la nne lakini kusoma hukuacha. Andika, mkono usisahau." Basi nimeandika. Sasa amelala. Nimekwenda kumfunika mara mbili na joto lenyewe halihitaji kufunikwa.

Jumanne, 1 Machi

Kazi yake nimeielewa hivi. Chuoni Dar es Salaam kuna kompyuta. Wameipa habari zote za betri ya gari: madini ya risasi kiasi gani, maji ya betri makali kiasi gani, hali ya joto. Halafu wanaiuliza: betri hii tukiiwashia taa, nguvu zake zitashukaje mpaka zikate? Mashine inachora mstari. Imechora bila kuiona betri, kwa hesabu tu. Sasa Frasia ametumwa kwenye nyumba zisizo na umeme, za watu wenye betri za kusikilizia redio kama sisi, aiwashe betri ya kweli, apime, achore mstari wa pili juu ya ule wa kwanza. Mwekundu wa mashine, wa bluu wa betri.

"Mistari ikilala pamoja je?" nikamuuliza.

"Basi hesabu ni ya kweli, na Uswidi wananichukua kusoma. Nafasi ipo. Miaka minne."

"Isipolala pamoja?"

"Nieleze kwa nini. Nikishindwa kueleza kabla Mei haijaisha, nafasi anapewa mwingine."

"Uswidi ni mbali kuliko Dar?"

Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 3 Machi

Tumekwenda Bunda kwa Hamduni, fundi betri, nyuma ya msikiti. Miaka ile ya dhiki, hata sabuni tulipokuwaga tunapangia foleni, betri mpya hazikuwepo, yeye ndiye aliyekuwaga anazifufua. Anapasua zilizokufa, anatoa mabamba mazima ya hii na ya ile, anaunganisha, anaziba juu na lami. Siku hizi kila kitu ruksa, dukani zimejaa betri za Dubai zinang'aa, lakini sisi tunazitazama tu, halafu tunakwenda kwa Hamduni.

"Karibu mama. Huyu ndiye profesa?"

"Bado," Frasia akasema.

"Usiseme bado, sema inshallah. Unataka ipi? Inayokufa kesho au inayokufa keshokutwa?"

"Nataka ile ambayo watu wanachukua."

"Basi ni ya keshokutwa."

Tumerudi nayo juu ya lori. Nimeipakata njia nzima kama mtoto, maji yasimwagike. Kanga yangu imetoboka matundu manne, ile nzuri. Sikumwambia.

Jumamosi, 5 Machi

Ameiweka chumba cha mbele, juu ya lile sanduku la marehemu baba yake. Amefunga globu ndogo ya gari, akaunganisha na mita. Kila saa anatazama mshale, anaandika. Nilimpelekea uji, ukapoa. Nikaupasha tena, ukapoa tena.

Jumapili, 6 Machi

Misa alikwenda, akarudi mbio kabla ya matangazo. Mshale.

Jumanne, 8 Machi

Mistari imeachana. Alinionyesha kwenye karatasi ya chuo, ile yenye matundu matundu pembeni. Siku ya kwanza nukta za bluu zimetembea juu ya mstari mwekundu vizuri kabisa, hata mimi nikasema mashallah kama Hamduni. Siku ya pili zinateleza kidogo. Siku ya tatu zimeporomoka kama mbuzi aliyekosea korongo, na mwekundu bado unakwenda zake polepole mbele huko, hauna habari.

"Labda mita ni mbovu," nikamwambia.

"Siyo mita, mama."

Kisha akarudi kwenye namba zake mpaka usiku.

Jumapili, 13 Machi

Baada ya misa Matiko, mke wa Eliasi jirani yangu, akanivuta pembeni. "Mama Frasia, huyo binti ana mchumba?" Nikasema sijui. "Hujui? Na uko naye nyumba moja?" Wenzake wakacheka. Nilicheka nao. Njiani nikawa najiuliza. Kweli sijui. Sijui kama ana mtu, sijui Dar anakula nini, sijui kama malaria ilimrudia ile ya kidato cha pili. Nikianza kumuuliza, ananijibu vizuri, kwa heshima, halafu macho yanarudi kwenye globu.

Mimi mwenyewe hajaniuliza kitu. Ananiuliza, "Mama, mshale uko wapi?" nikiwa karibu na mita. Basi.

Alhamisi, 17 Machi

Mara ya pili betri imeporomoka palepale.

Jumamosi, 19 Machi

Nimekwenda mpaka Mugango kutafuta furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Alipokuwa mdogo alikuwaga anakula furu wa kukaanga mpaka miba anaimumunya. Nikasema nitampikia, labda atakaa mezani. Kumbe furu hawapo! Nimezunguka mwaloni kote, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ni sangara tu, wakubwa kama ndama, minofu inapakiwa kwenye magari. Mvuvi mmoja ananiambia, "Mama, furu unawatafuta tumboni mwa hawa." Mwisho mzee mmoja alikuwa nao wanane, wadogo, kwenye sufuria lake mwenyewe. Nilimbembeleza mpaka akaniachia.

Frasia alikula wote. Akafumba macho akasema, "Mama." Hivyo tu, "Mama." Halafu mate yakamjaa mdomoni akacheka kama zamani, akanikumbusha alivyomwibiaga baba yake mkia wa furu. Tumekaa hapo mpaka makaa yakawa majivu. Kama siku zote zingekuwa Jumamosi hii nisingeomba kingine kwa Mungu.

Jumatano, 23 Machi

Barua imetoka chuoni. Mwalimu wake anasema mstari wa mashine umehakikishwa kwa betri mpya, kwa hiyo yeye ndiye anayepima vibaya. Frasia alisoma akaikunja, akaenda kukaa nyuma ya zizi. Nilimwona kwa mgongo. Nilitaka kumfuata.

Hapa nitaandika ukweli kwa sababu ni daftari langu. Moyo wangu ulifurahi. Nilisema, basi, hataenda. Halafu nikaona mgongo wake ule unatikisika nikajichukia.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua. Mto umepita juu ya daraja.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka. Tumekula kuku kwa Eliasi. Mama yake, Bibi Nyamburi, hatoki tena kitandani, lakini alimtambua Frasia, akamshika kidole. "Huyu nilimzalisha mimi," akasema. "Alitanguliza mguu." Watu wakacheka. Kweli ni yeye aliyenizalisha. Bila Bibi Nyamburi siku ile tungekuwa makaburi mawili.

Jumatano, 6 Aprili

Bunda tena. Frasia amemwambia Hamduni, "Fundi, naomba unieleze hii betri ulivyoitengeneza, toka mwanzo."

Hamduni akafuta mikono. "Sasa umeuliza! Tangu mara ya kwanza nilitaka kukwambia, ulikuwa na haraka. Betri ndani ina vyumba sita: hivi viwili ni vya Land Rover ya misheni, vitatu vya trekta, hiki cha mwisho mabamba yake nimeokota huku na huku. Ni watoto sita, mama mbalimbali."

Frasia akajipiga paji la uso. Akanieleza njiani, anaongea haraka mpaka mate yananirukia. Mashine inafikiri vyumba vyote sita ni sawa, maana betri mpya iko hivyo. Hii yetu chumba kimoja ni dhaifu, kinaishiwa mapema, na vile vitano vinaendelea kusukuma umeme kupita ndani yake kinyumenyume, kinageuka mzigo. Ndiyo maana ya kule kuporomoka. Aliwahi kuhisi lakini aliona aibu kuandika bila kupima. Sasa Hamduni amekwangua lami, kila chumba kina kichwa chake cha kupimia.

"Kwa hiyo nilikuwa napima sawa, mama!"

"Ulikuwa unapima sawa," nikasema. Alinikumbatia kwenye lori mbele ya watu.

Jumatatu, 11 Aprili

Anapima chumba kimoja kimoja. Chumba cha mwisho ndicho. Anakiita "kitinda mimba". Mimi nakionea huruma.

Jumapili, 17 Aprili

Kesho anakwenda Musoma posta. Kuna mwenzake chuoni, Frasia atamsomea hesabu kwenye simu, yule aipe kompyuta vyumba sita tofauti, mashine ichore mstari mpya, amsomee namba. Simu inaweza kungojewa siku mbili, tatu. Na betri imewashwa leo asubuhi kwa mara ya mwisho, imejaa, lazima iwake mfululizo bila kuzimwa mpaka ikate. Hakuna nafasi ya kurudia. Kuipeleka tena Bunda kwa barabara hizi, kungoja foleni ya kuichaji ijae, kuiwasha tena, kurudi posta, na barua ifike Dar, Mei itakuwa imeisha.

Nitapima mimi. Alinifundisha: asubuhi, mchana, jioni, kila chumba, naandika.

"Mama, usiizime. Mtu asiiguse. Isiguswe kabisa."

"Nimesikia."

"Kabisa, mama."

"Nimesikia, baba." Nikiwa na wasiwasi namwitaga baba.

Jumatatu, 18 Aprili

Ameondoka alfajiri. Nimepima. Nikarudia kuhakikisha. Hamduni na Waislamu wenzake wanaanza kufunga Ramadhani, alishasema ataniombea.

Jumatano, 20 Aprili, asubuhi

Jana sikuandika. Naandika sasa.

Bibi Nyamburi amefariki jana saa tisa mchana. Nilikuwepo, nilisaidia kumwosha. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Mvua haikukatika tangu saa sita, kuni zote za pale zimelowa, moto unatoa moshi tu. Mafuta ya taa hakuna kwa Eliasi, kwangu hakuna, dukani hakuna, lori halijafika wiki nzima kwa sababu ya barabara. Kwetu maiti haiachwi gizani. Wanawake wanakaa nayo, na mwanga uwepo, hata mdogo.

Nilirudi nyumbani kupima ya jioni. Eliasi akaja, analowa, kofia mkononi. Eliasi ni mtu mzima, hapigi hodi ya kuomba mara kwa mara.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba taa."

Globu ilikuwa inawaka mgongoni kwangu. Aliiona. Kila mtu angeiona.

"Ni ya Frasia," nikasema.

"Najua ni ya Frasia. Ya usiku huu tu. Mama yupo gizani."

"Ameniambia isiguswe, Eliasi. Ni kazi ya chuo. Ikiguswa ameharibikiwa."

"Usiku mmoja?"

"Ameniambia kabisa."

Alinitazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akasema, "Haya. Tutakaa hivyohivyo," akavaa kofia yake iliyolowa, akaondoka.

Nilibaki nimesimama. Taa ile inawakia nani? Inawakia sanduku. Nyumba haina mtu, nuru inatoka dirishani, na kule kwa Eliasi, hatua chache, nasikia wanawake wanaanza kuimba kwenye giza. Nilifunga dirisha, nuru bado inapita kwenye nyufa. Nikachukua tenga, nikaifunika taa na betri vyote, ikawa mbaya zaidi, matundu ya tenga yakajaa ukutani kama macho. Nikatoa blanketi kitandani kwangu nikatupa juu ya tenga. Ikawa giza. Ndipo nikaweza kutoka kwenda msibani.

Nilikaa mlangoni. Aliyenipisha hakuna. Matiko alipita na maji ya kunawa, akawapa wote, akanipa na mimi, lakini jina langu hakuliita. Mimi mwenyewe nilijua kwamba nilizaa mikononi mwa yule bibi, na yeye yuko pale amelala gizani, na taa yangu imevaa blanketi.

Asubuhi nimeifunua. Inawaka bado. Nimepima vyumba vyote sita.

Jumatano hiyohiyo, usiku

Frasia amerudi mchana. Alipitia Butiama, gari likakwama, akatembea kutoka Nyamuswa. Simu aliipata, namba anazo. Alifika akiimba. Njiani watu walishamwambia msiba. Aliniuliza, "Mama, walipata taa wapi jana?"

Nikamweleza. Kwamba Eliasi alikuja, kwamba nilikataa kwa sababu yake. Sikumweleza ya blanketi, niliona aibu. Nilitegemea aseme asante. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja asante.

Frasia akakaa chini. "Mama," akasema polepole, "taa ilikuwa inawaka."

"Ndiyo. Sikuizima."

"Ilikuwa inawaka tu, mama. Ilikuwa inamwakia nani? Ungeibeba na taa yake ikiwaka hivyohivyo, ukaiweka kwa Bibi. Mimi nahitaji iwake. Haijalishi inawakia wapi."

Alisema isiguswe, nikasikia isiguswe. Nimemnyima marehemu nuru ambayo ilikuwa inamwagika bure.

"Kosa ni langu," Frasia akasema. "Nilisema kabisa mara mbili."

Halafu akainuka. "Shika huku." Tumeibeba. Yeye upande mmoja, mimi mwingine, globu katikati inaning'inia inawaka, mwavuli kaubana kwapani, tunakwenda hatua za bibi harusi ili isitikisike. Watu walikuwa wamejaa uani. Wote wakageuka kututazama.

Mwikwabe, mtani wao, ndiye aliyetangulia kusema. Watani kwenye msiba hawana adabu, ndiyo kazi yao. Alikuwa amevaa gauni la marehemu juu ya suruali. Akaruka mbele yetu. "Jamani, pisheni! Umeme wa Mama Frasia umefika! Jana ulikuwa umelala, leo umeamka!" Watu wakaanza kucheka. "Bibi Nyamburi, amka uone! Mtoto uliyemtoa kwa mguu amekuletea taa, mama yake aliificha kwenye titi!" Hata Eliasi akacheka, machozi yanamtoka. "Faini!" Mwikwabe akapiga kelele. "Bila faini taa haiingii!"

"Nitatoa jogoo," nikasema.

"Jogoo na mbegu ya mtama!"

"Na mtama."

Akatupisha. Matiko akasema, "Wekeni hapo kichwani kwake." Sauti yake kavu. Lakini akasogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa.

Frasia alikaa kwenye kona na daftari lake, kila saa anainuka anapima, wanawake wanamuuliza inasemaje, anawajibu.

Alhamisi, 21 Aprili

Tumemzika. Mvua ilingoja tukamaliza.

Ijumaa, 22 Aprili

Betri imekata saa nne asubuhi. Kitinda mimba alitangulia, kama mashine mpya ilivyosema.

Jumatano, 27 Aprili

Siku nne Frasia anachora. Mistari imelala pamoja! Mwekundu na wa bluu, chumba kwa chumba, hata pale pa kuporomoka inaporomoka pamoja, huwezi kupitisha unyasi. Isipokuwa mahali pamoja. Nukta za bluu za asubuhi ya Jumatano, baada ya ule usiku wa Jumanne, zimeinuka juu ya mstari, kisha mchana zikarudi. Kivimbe kidogo tu, kama ngozi iliyoumwa na siafu.

"Hiki nini sasa?" anasema. "Kama betri ilipata joto. Lakini usiku ule ulikuwa wa mvua, baridi. Haiwezekani."

Akageuka kwangu. "Mama. Jumanne usiku kulitokea nini humu ndani?"

Nilikuwa nachambua choroko. Nikasema, "Nilikuwa msibani."

Siyo uongo.

Alhamisi, 28 Aprili

Anasema hawezi kupeleka kitu chenye kivimbe asichoweza kukieleza. Wakimuuliza atajibu nini? Itabidi arudie yote. Maana yake Juni. Maana yake Uswidi basi.

Juni tunavuna pamba. Angekuwa hapa.

Ijumaa, 29 Aprili

Leo tumepalilia pamoja, mara ya kwanza tangu aje. Alisema, "Kama nitabaki, nitaomba kufundisha Musoma. Nitakuwa nakuja kila mwisho wa wiki." Akasema kwa sauti ya kunifurahisha. Aliimba wimbo wa shule. Mgongo wake nyuma ya mahindi ulikuwa mgongo ule wa nyuma ya zizi.

Nimepika ugali ukaungua.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anafua, mikono imo povuni.

"Frasia, ile Jumanne niliifunika."

"Ulifunika nini?"

"Betri. Na taa. Kwa tenga, na blanketi juu. Eliasi alipoondoka. Nilitaka watu wasione nuru. Nikaifunua asubuhi."

Alisimama na povu linadondoka. "Blanketi lipi?"

"Langu. Lile zito."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi. Nisamehe."

Nilidhani atapiga kelele. Alikuja akaniegemezea kichwa begani na mikono yake ya sabuni, akawa anacheka, halafu siyo kucheka tena. "Joto," anasema. "Mama, lilikuwa joto tu."

Jumatano, 4 Mei

Amelipima blanketi! Betri Hamduni ameichaji kidogo tu, ya usiku mmoja, taa imewashwa, tenga lilelile, blanketi lilelile, kipimajoto ndani. Amepata nyuzi zake za joto, amezitia kwenye hesabu kwa mkono, na mstari mwekundu umepanda kivimbe kilekile. Ameandika kwenye taarifa anayoituma Dar kwamba usiku huo betri ilifunikwa. Nimemuomba asiandike kwa nini. Amesema sayansi haiulizi kwa nini ya hivyo.

Jogoo wa faini amekwenda. Mwikwabe alikuja kumchukua mwenyewe, anamwita kwa jina langu.

Jumatatu, 9 Mei

Matiko ameniletea maziwa. Hakukaa.

Jumanne, 17 Mei

Idi. Hamduni ametutumia vitumbua kwa mkono wa dereva wa lori. Na kwa lori hilohilo, simu ya maandishi kutoka Dar. Wamemchukua.

Nilipiga vigelegele. Majirani wakasikia wakaja. Nikapiga tena.

Ijumaa, 20 Mei

Nimemfulia zote. Nimetafuta furu, hakuna.

Jumatatu, 23 Mei

Jana nilimsindikiza Bunda. Basi la Mwanza lilikuwa limejaa, wameweka mabenchi katikati. Alipata kiti cha dirishani. Nilisimama chini, tukawa tunashikana mikono kupitia dirisha, kama watu walio gerezani, sijui nani ndani nani nje.

"Mama."

"Eeh."

"Nilipokuuliza ile Jumanne. Ungekaa kimya, ningerudia kazi yote, nafasi ingepita. Sasa hivi tungekuwa shambani."

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu ulipokuwa bado unakionyesha kivimbe kwa kalamu."

Akanibana vidole. "Sasa mbona ulisema?"

Nilitafuta jibu la kumfaa msomi. Nikamwambia lililokuwepo.

"Kwa sababu uliniuliza, mwanangu. Masika yote nilikuwa nangoja uniulize kitu."

Uso wake ukabadilika. Akajivuta karibu na dirisha, akafungua mdomo kuniuliza lingine, nililiona kabisa linakuja, lakini kondakta alikuwa ameshapiga bati, na basi likaondoka.